Gurudumu Lililopakwa Grisi

Mshonaji alipofika ukingoni pumzi zilikuwa zimemwishia, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope huko nyuma na wala hakuwa na habari nacho. Mkononi alishika fimbo ya kuvulia ya marehemu baba yake. Kwapani alibana mfuko wa kitambaa, na ndani ya mfuko mlikuwa na gurudumu. Mwaka mzima na miezi minane hakuwa amesemezana na mdogo wake wa kiume, na sasa mdogo wake huyo alikuwa juu ya mnara wa pampu, katikati ya mto uliofurika, amejifunga kwenye nguzo kwa mkanda wake wa kazi. Vilibaki vipandio vitatu tu maji yamfikie.

Mtaa mzima ulimwita huyo mdogo wake Kiota. Si jina alilozaliwa nalo, ila hata mkewe alilitumia, na lilikotoka nitakueleza, maana ukilikosa hilo hutaelewa balaa lote hili limeanzia wapi.

Kiota alikuwa fundi wa pampu za maji. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha huko juu mto unakotoka, na asubuhi magogo na takataka zikaanza kuziba wavu ulio chini ya mnara. Msimamizi wake, mtu mzima mwenye hadhari zake, alimwambia asubiri kwanza maji yapungue. Kiota akasema dakika kumi tu, anatoa takataka na kurudi. Dakika kumi! Laiti watu wangejua dakika kumi zimezika wangapi. Alikuwa bado ameinama na kulabu yake ndefu pale gogo kubwa lilipokuja, likakikumba kidaraja cha chuma kinachounganisha mnara na ukingo, kikapinda, kikalia, kikaenda zake na maji. Kiota akabaki huko, kisiwa cha mtu mmoja.

Waokoaji walipigiwa simu. Walisema wako njiani. Wako njiani, wako njiani, tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, kumbe barabara yenyewe imekatika mahali pawili. Kutoka ukingoni hadi mnarani ni hatua kama arobaini. Wanaume wenye misuli yao walifunga mawe kwenye kamba, wakarusha mpaka mabega yakawauma, na jiwe lililokwenda mbali kuliko yote lilifika nusu. Mmoja alitaja mashua. Wenzake walimwonyesha magogo yanavyopita.

Ndipo mke wa Kiota alipokumbuka gurudumu. Alitoka mbio mpaka kwenye kibanda cha cherehani cha wifi yake, kibanda ambacho tangu ugomvi ule alikuwa akikipita ameuelekeza uso upande wa pili, akasimama mlangoni na kusema, "Wifi, leta gurudumu la baba yenu. Kiota anakufa." Mshonaji alinyanyuka. Aliacha sindano imezama kwenye kola ya shati la mtu, akaenda hivyo hivyo alivyo, na aproni yake ya kazi.

Sasa hebu nikueleze hilo gurudumu, kwa kuwa kuna watu wakisikia gurudumu wanadhani la baiskeli.

Baba yao alikuwa mkereza vyuma. Miaka thelathini alisimama mbele ya mashine, akikereza vipuri vya watu wengine, na mwaka mmoja akaamua kukereza kitu chake mwenyewe. Alichukua pande la aluminiamu, akalikereza taratibu saa za mapumziko, miezi mitatu, mpaka likawa gurudumu la upana wa kisahani cha chai, lenye mfereji wa kuzungushia mshipi na mhimili mmoja mwembamba katikati. Basi. Halina meno, halina breki, halina kifungio. Unalifunga chini ya fimbo, na ukilipuliza kwa mdomo linazunguka. Mzee alikuwa na mchezo wake: analisukuma kwa kidole, anamimina chai, anakunywa nusu kikombe, na gurudumu bado linakwenda.

Kurusha kwa gurudumu la namna hiyo ni kazi ya kumtoa mtu machozi. Mkono wa kulia unapeleka fimbo, na wakati huohuo mkono wa kushoto unavuta mshipi kwa pembeni ili gurudumu lianze kuzunguka. Likishazunguka, boya linaruka na mshipi unalifuata. Mwenye kuamua yote ni dole gumba, linalogusa ukingo wa gurudumu kidogo, kidogo kabisa. Ukichelewa kuligusa, gurudumu linaupita mshipi mbio, mshipi unafumuka na kujisokota, na unabaki na kiota cha ndege mkononi. Na hapo ndipo jina la Kiota lilipotoka. Tangu utoto mpaka ana ndevu, hakuna siku aliyorusha asitengeneze kiota. Dada yake, mkubwa wake kwa miaka minne, alijua kurusha siku ya pili.

"Dole gumba ndiyo breki," mzee alikuwa akiwaambia, "na breki haifundishwi kwa mdomo."

Kisha kulikuwa na suala la mafuta. Gurudumu lile lilitaka tone moja tu la mafuta mepesi, yale ya cherehani. Tone moja kwenye mhimili, ukifuta na kuanza upya kila baada ya miezi michache. Ukilipa mafuta mazito, linakuwa zito. Mshonaji alilijua hilo kama anavyoijua cherehani yake. Kiota naye aliambiwa, lakini siku zile alikuwa akitatua viota, hakusikia.

Mzee alipokaribia kufa akalitoa gurudumu kwa binti. Alisema mkono wa binti ndio unaoliweza. Kiota hakusema kitu mbele ya mgonjwa, lakini baada ya mazishi, siku ukoo wote umekaa, kilimtoka. Alisema baba amempa gurudumu mtu ambaye cherehani ingemtosha. Na mshonaji, ambaye angeweza kunyamaza, ambaye kila siku anawaambia wateja hasira hasara, akamjibu mbele ya mkewe na mashemeji: kuna mikono ya kushika gurudumu na kuna mikono ya kushika spana. Watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma mdogo wake, maana alikuwa analia bado kwa ajili ya baba. Alinyanyuka akaondoka. Tangu hapo ikawa kununiana, salamu hakuna, wakikutana njiani kila mmoja anakumbuka kitu alichosahau nyumbani. Majirani walijaribu kuwapatanisha wakashindwa, wakasema waacheni, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Ila jembe lenyewe wakalilimia mwaka mzima na zaidi, na kapu la kuvunia hakuna aliyelichukua.

Wiki moja kabla ya mafuriko, mshonaji alirudi nyumbani akakuta gurudumu linang'aa kwenye msumari wake ukutani. Mumewe akamwambia kwamba shemeji alikuja, akaliomba, akakaa nalo kama nusu saa pale barazani akilisafisha, akalirudisha, na chai akaikataa. "Amekuja kwa heri," mume alisema. Mshonaji akauliza ni nani aliyempa ruhusa. Hakulishika. Hakutaka hata kulitazama vizuri. Angeligusa kwa kidole kimoja tu angejua kila kitu, lakini kiburi kikimtuma mtu asifanye jambo dogo namna hiyo, utamwambia nini? Likabaki msumarini.

Turudi mtoni.

Mshonaji hakusimama mkabala wa mnara kama wale wa mawe. Alipanda upande maji yanakotoka, hatua thelathini hivi, mpaka kwenye bamba la zege lililotokeza majini. Maarifa ya baba yake yalikuwa hayo: usishindane na mto, upe mzigo ukubebee. Angerusha boya mpaka kwenye mkondo, halafu mkondo wenyewe ulipeleke boya hadi kwa Kiota, gurudumu likizunguka bure na kutoa mshipi. Mshipi mwembamba ukimfikia, utafungwa uzi wa waashi, uzi utavuta kamba ndogo, kamba ndogo itavuta kamba nene, na kwenye kamba nene mtu anaweza kuvuka. Boya lilikuwa kizibo cha chupa ya chai kilichopakwa rangi nyekundu, na chubwi ya risasi chini yake ya kulipa uzito.

Msimamizi alimfuata nyuma akamwambia kwa upole kwamba huu si wakati wa kuvua. Mshonaji alikuwa anafunga gurudumu kwenye fimbo. Aliyejibu ni wifi, na jibu lake lilikuwa fupi, kwamba anayetaka kurusha mawe arudi kwenye mawe yake.

Kiota aliwaona. Kelele za maji hazikuruhusu sauti kupita, lakini alipoitambua fimbo alisimama wima pale kwenye nguzo, akasugua viganja vyake, kisha akazungusha kidole hewani na kuinua dole gumba. Akarudia tena. Dada yake hakuelewa. Alidhani anamwambia azungushe haraka, na moyo ukampasuka, kwamba huyu mtu niliyemdhalilisha mbele za watu ananiinulia kidole kama vile tuliongea jana.

Akarusha. Mkono wa kulia ukapeleka, wa kushoto ukavuta, na boya likaanguka hatua sita kutoka alipo, kwenye maji yaliyotulia kando ya bamba. Pu. Akajua watu wanamtazama mgongoni. Alijiambia ni woga, ni miezi mingi hajashika fimbo, ni tope chini ya mguu usio na kiatu. Akavuta mshipi wote.

Mara ya pili akatia nguvu za kushona turubai. Boya lilifika kwenye mkondo, likakamatwa, likaanza kwenda, na watu nyuma yake wakaanza kusema enhee, enhee. Lakini halikwenda lilivyotakiwa. Mshipi ulikaza. Gurudumu lilikuwa linatoa mshipi kwa uchungu, kama mtu anayetoa alichokopa, na kila lilipozuia, boya lilivutwa kurudi ukingoni, likarudi, likarudi, mpaka likakwama kwenye majani ya ukingoni, hatua ishirini kabla ya kuufikia mnara. Kipandio kimoja kilikuwa kimezama tayari. Vimebaki viwili.

Mshonaji akalinasua boya, akauvuta mshipi wote, akalishika gurudumu na kulisukuma kwa kidole kama alivyokuwa akifanya baba. Likazunguka nusu, likasimama.

Akalichomoa kwenye mhimili wake. Ndani kulikuwa na grisi. Grisi ya manjano, nzito, imejazwa kwa ukarimu mpaka kwenye kingo, imesawazishwa vizuri kwa kidole cha fundi aliyeipenda kazi yake. Wifi akachovya kidole, akanusa, na uso wake ukabadilika. Harufu ile aliifua kwenye nguo kila wiki, alilala nayo kitanda kimoja miaka tisa.

"Ni yake," wifi akasema. "Ni ya pampu."

Ndipo mshonaji akaelewa kule kusugua viganja. Kiota alikuwa anamwambia kwamba amelipaka. Alikuwa anamwambia asiwe na wasiwasi. Yule mjinga, yule mdogo wake mjinga, alikuja kuomba msamaha kwa kitu pekee alichokijua, akalijaza gurudumu la baba dawa inayotibu pampu, na sasa dawa hiyo inamuua huku yeye mwenyewe anainua dole gumba. Na mimi, akawaza, mimi nililiacha msumarini wiki nzima nisiliguse kwa sababu ya kiburi. Alikaa chini pale kwenye zege, gurudumu mapajani, akalia.

Wifi alimshika bega akamtikisa. Hakumtikisa kwa upole. Alimwambia kulia atalia kesho, leo aseme kinachotakiwa.

Kilichotakiwa ni petroli. Msimamizi, Mungu ambariki, hakubisha tena. Alikimbilia pikipiki yake, akachomoa mpira wa mafuta, akakinga kwenye helmeti yake mwenyewe na kuileta imejaa nusu. Wifi akavua kitambaa chake cha kichwani, akachovya, akaanza kusugua. Alisugua kingo, akasugua tundu la katikati, akasugua mhimili, na grisi ikawa inatoka mabonge. Petroli iliwaingia kwenye mikwaruzo ya mikono na hakuna aliyesema ah. Kule mnarani Kiota alikuwa hawaelewi. Aliwaona wameinama, wamempa migongo, akapunga mkono mara moja, kisha akaacha kupunga. Mnara wenyewe ukatoa sauti, sauti ya chini ya jiwe kusaga jiwe, na watu wote ukingoni wakarudi nyuma hatua moja bila kuambiana.

Chuma kilikuwa safi sasa lakini kikavu, na chuma kikavu kikizunguka kwa kasi kinashikana. Mshonaji aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Mkasi, chaki, utepe wa kupimia, na chini kabisa ile chupa ndogo yenye mdomo mrefu ambayo haiachi hata akienda dukani. Akaweka tone moja. Akalirudisha gurudumu, akalisukuma. Likazunguka bila sauti, likaendelea, likaendelea, na ilibidi alisimamishe mwenyewe kwa kidole.

Kipandio kilichobaki kilikuwa kimoja.

Alisimama, akauvua na ule mguu mwingine kiatu ili asimame sawa. Hakusali kwa maneno. Alimwambia baba yake tu, ndani kwa ndani, kwamba gurudumu hili ni langu na la mdogo wangu, usinipendelee mimi peke yangu. Mkono wa kulia ukapeleka. Mkono wa kushoto ukavuta. Gurudumu likazunguka kwa kasi aliyokuwa ameisahau, kidogo limpite, mshipi ukaanza kufumuka kwenye mfereji, kiota kikaanza kujisuka hapo hapo mbele ya macho yake, na dole gumba lake likashuka kabla hajaliambia. Mshipi ukalala. Boya jekundu likaanguka katikati ya mkondo, mbali, mbali kuliko lilipowahi kuanguka siku yoyote.

Mto ukalichukua. Gurudumu liliimba. Mshonaji alikuwa ameinua fimbo juu, na Kiota aliijua ishara hiyo tangu wakiwa wadogo, yeye akikaa chini mtoni kudaka maboya ya dada yake: fimbo juu, ngoja. Akajifungua mkanda ili mkono ufike, akashika kulabu yake kwa mkono mmoja na nguzo kwa mwingine. Boya lilipita kwenye mapovu, likazama, likaibuka. Lilikuwa linapita nje, upande wa pili wa mnara, hatua nne mbali na kulabu. Kwenye gurudumu ikatokea alama ya uzi mwekundu, ile aliyofunga mzee kuonyesha kwamba zimebaki hatua kumi za mshipi, na baada ya hapo ni chuma kitupu.

Watu wakamwambia vuta. Hakuvuta. Alingoja boya liupite mnara, likiwa limevuka kabisa, ndipo akashusha fimbo, na akaliweka dole gumba kwenye ukingo wa gurudumu akalikandamiza. Ukingo ulimla ngozi. Alihisi moto, kisha hakuhisi kitu. Gurudumu likapunguza, likasimama, mshipi ukakaza moja kwa moja kutoka kwake hadi kwenye boya, na mto uliokuwa ukiupeleka nje sasa ukaanza kuusukuma ndani, taratibu, kuelekea ukingoni, kuelekea kwenye zege la mnara, kuelekea kwa Kiota.

Kiota alipiga kulabu akakosa. Mkewe akafunika uso. Akapiga tena, chini zaidi, karibu aanguke, na kulabu ikainuka na kitu chembamba kinachong'aa kimening'inia.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya mikono mingi. Uzi wa waashi, kisha kamba ya kuanikia nguo, kisha kamba nene ya gari la mizigo. Kiota akaifunga kwenye nguzo kwa fundo la fundi, na huku wakaifunga kwenye shina la mti na wanaume kumi wakaishika. Akabandika kulabu ya mkanda wake kwenye kamba, akajiachia. Maji yalimfunika mara mbili. Mara ya pili alikawia. Alikuwa amebakiza kama hatua tano mnara ulipoinama, polepole kama mzee anayekaa kitini, na kamba ikachomoka kwenye nguzo na kulegea, Kiota akaing'ang'ania, na wale wanaume kumi wakakimbia nayo kupanda ukingo wakimburuta kwenye tope kama gunia. Walipogeuka mnara haukuwepo.

Kiota alilala chali, akatapika maji, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mkewe alikuwa ameshamshika kichwa. Dada yake alikuja akiwa na fimbo bado mkononi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aiweke, akapiga magoti kwenye tope karibu naye. Alikuwa na maneno aliyoyapanga mwaka mzima na miezi minane, ya kuomba radhi na ya kulaumu, na yote yakamkimbia.

Aliyesema kwanza ni Kiota. Meno yalikuwa yanagongana.

"Dada, umeona linavyozunguka? Nililipaka grisi. Ile nzuri, ya beringi za pampu. Nikasema hata kama hatuongei, gurudumu la baba lisioze."

Msimamizi alikohoa. Wifi alifungua mdomo, na kitambaa chenye grisi kikiwa bado kwenye ngumi yake, akamtazama mshonaji. Mshonaji akamtazama yeye. Kisha akauficha mkono wenye dole lililochunika ndani ya mfuko wa aproni, katikati ya mkasi na chaki.

"Nimeona," akasema. "Bila grisi yako nisingekufikia."

Kiota akafumba macho, akatabasamu kwa midomo ya bluu, tabasamu ambalo dada yake hakuwa ameliona tangu baba yao akiwa hai. Akasema basi atakuwa anakuja kulipaka kila mwezi. Dada yake akamwambia aje.

Na kweli alikuja. Kila mwisho wa mwezi, miaka na miaka, Kiota alifika na mkewe na kopo lake, akakaa barazani, akalijaza gurudumu la baba yake grisi mpaka kwenye kingo, akanywa chai na kuaga. Na kila alipokwisha kukata kona, mkewe alibaki nyuma kidogo kwa kisingizio hiki au kile, akatoa kwenye kikapu kichupa cha petroli na kitambaa, akamkabidhi wifi yake, wakakaa wawili kuliosha.